Mkwe Nyuma ya Vilindo

Watu wawili hao walisikiana vizuri kabisa. Nalisema hili kwanza ili msije mkadhani mmoja wao alikuwa kiziwi. Mwalimu alisimama katika chumba cha mbele cha tembe akisoma kwa sauti ya kuamsha mbuzi. Mkwe alikaa chumba cha ndani, nyuma ya vilindo, yale mapipa makubwa ya magome ya mti tunayowekea uwele, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko yetu sote. Kati yao nilikaa mimi, mgongo nimeuegemeza kwenye kilindo cha kwanza, na kazi yangu ilikuwa kumwambia kila mmoja jambo ambalo alikuwa amekwisha kulisikia.

"Mwambie mtu huyo," Mkwe alisema, "asome tena pale pa mwisho. Amepita mbio."

Nikamgeukia Mwalimu nikamwambia kwamba anaombwa asome tena pale pa mwisho, kwani amepita mbio. Mwalimu alikuwa amekwisha kurudisha kidole chake kwenye mstari, lakini alingoja nimalize ndipo asome. Ndivyo tulivyosali miaka mingi, na sioni kama Mungu alichanganyikiwa.

Mwalimu alikuwa amemwoa binti wa Mkwe. Kwetu Ugogo, hasa siku zile za Mdachi, mtu na mama mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, hawakutajana majina wala kusemezana pasipo mtu wa kati. Haikuwa chuki. Wageni hudhani ni chuki, na huo ni ujinga wao. Mkwe alimpenda yule kijana kuliko wanawe wa kuzaa, nami ni shahidi, kwani mapenzi hayo yote yalipitia kinywani mwangu, mengi yakiwa na sura ya matusi. Kwa kuwa Mwalimu hakuruhusiwa kumtaja jina, alimwita Mkwe, na sisi tukamfuata, hata tusio na undugu naye hata kidogo. Jina alilopewa na wazazi wake likalala mahali, hakuna aliyeliamsha.

Nilichaguliwa kuwa mdomo wao kwa sababu nilikuwa nimeolewa kutoka upande wa Msalato, sikuwa ndugu wa yeyote kati yao, na nilikuwa na sauti. Mume wangu alisema nilichaguliwa kwa sababu hakuna aliyeweza kuninyamazisha, ila mume wangu alikuwa mtu wa kusema ovyo.

Kanisa lenyewe lilikuwa Mvumi, na kwenda huko kulikula siku nzima na visigino pia. Ndiyo maana sisi wa vijiji vya pembeni tuliambiwa tukutane majumbani, watu wachache wachache, Jumapili na siku moja katikati ya juma, na padri angetuzungukia akipata nafasi. Padri alikuwa Mwingereza mwembamba aliyepanda punda mnene, na nafasi aliipata kwa nadra. Nyumba ya Mwalimu ilivuja. Nyumba ya Mzee, aliyekuwa wa kwanza kubatizwa kijijini kwetu na ambaye hakutupa nafasi ya kulisahau jambo hilo, ilikuwa na mbwa mkali na mke mkali zaidi. Ikabaki tembe ya Mkwe, kubwa kuliko zote, kwani marehemu mumewe alikuwa mtu wa ng'ombe. Wanaume walipokaa kujadiliana jinsi ya kumwomba, na kama ni halali Mwalimu kufundisha kwa mama mkwe wake, alituma neno kwamba wameongea vya kutosha. Alisema Mungu hana mkwe duniani, kwa hiyo yeye anaweza kuingia nyumba yoyote, na huyo mtu mwingine atakaa chumba cha mbele.

Hakuwa mwanamke mkubwa wa umbo. Alikuwa mfupi, mkavu, na alitembea haraka akiwa ameinama mbele kidogo, tuseme kama mtu anayepinga upepo. Alipenda mlenda usiotiwa chumvi nyingi, na alipenda kuwaambia wanawake wengine kwamba wao wametia chumvi nyingi. Alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Mara moja maana yake sala ni ndefu. Mara mbili maana yake Mzee anasema uongo. Mzee alipokuwa akitoa ushuhuda wa jinsi alivyoacha pombe, kikohozi kile kilitoka nyuma ya vilindo mfululizo hadi tukamhurumia Mzee.

Habari za pombe zilikuwa na pande mbili kwake pia. Mwalimu alipofundisha kwamba wanaotaka ubatizo waache kupika pombe, Mkwe aliacha siku ile ile, akavunja hata mtungi. Wiki iliyofuata nilimkuta kwa jirani akionja ya jirani. Nilipomtazama alisema yeye hanywi, anatoa ushauri. Aliendelea kutoa ushauri nyumba hadi nyumba msimu mzima wa mavuno, na pombe za kijiji chetu mwaka ule zilikuwa nzuri mno.

Njiani ndiko kulikuwa na kazi. Ndani ya nyumba vilindo vilitulinda, lakini kisimani kulikuwa na njia moja tu, na Mwalimu naye alikunywa maji kama watu wengine. Siku moja walikutana penye kona. Mkwe alijitupa kwenye mfereji mkavu na kujifunika ungo. Mwalimu, ambaye angeweza tu kugeuka na kurudi alikotoka, alichanganyikiwa akapanda mgunga, na mgunga ni mti wa miiba. Hapo wakakaa. Mkwe hakutaka kutoka mferejini wakati kijana yuko juu anaona kila kitu, na kijana hakutaka kushuka wakati mama yuko chini. Nikaitwa kutoka shambani kwangu nikiwa na jembe mkononi. Nilifika jua la utosi, nikamkuta mmoja anatoka jasho na mwingine anatoka damu. Nilimwamuru Mwalimu afumbe macho ashuke, kisha nikamshika mkono nikampeleka porini kama kipofu hadi Mkwe alipopita. Jioni Mkwe alinituma kwake na siagi ya kupaka penye miiba, pamoja na ujumbe kwamba mtu mwenye elimu angegeuka tu.

Katika habari zote tulizosomewa, aliyoipenda kuliko zote ni ile ya mama mkwe wa yule mwanafunzi wa Yesu, aliyekuwa amelala na homa, Bwana akamshika mkono akapona, akainuka akawatumikia.  Mara ya kwanza kuisikia, aliniambia nimwulize mtu huyo, huyo mwanafunzi mwenyewe alikuwa wapi. Mwalimu akasema alikuwapo, ni nyumbani kwake. Mkwe akauliza kama alikuwa ndani, pamoja na mkwe wake, naye mgonjwa amelala kitandani. Mwalimu akafuta paji la uso. Akasema kitabu hakielezi alisimama wapi.

Mkwe akaitafakari habari hiyo juma zima. Jumapili iliyofuata alitufundisha sote, kwa kinywa changu, kwamba yule mwanafunzi alisimama nje, nyuma ya ukuta, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, na ndiyo maana alipewa ukubwa baadaye. Tena tutazame, alisema: imeandikwa mama aliwatumikia, haikuandikwa kwamba alikula nao. Mzee alinong'ona kwamba sasa tunahubiriwa na vilindo. 

Hapo ndipo nifike kwenye jambo lililomuuma, kwani msidhani alikuwa mtu wa kuchekesha tu. Mkwe alitaka kubatizwa. Alilitaka jambo hilo kama mtu wa Ugogo anavyotaka mvua, akitazama juu kila asubuhi na kusema hana haja nayo. Alijua majibu yote ya mafunzo kwa moyo, na akijibu mtu mwingine vibaya alikohoa. Kikwazo kilikuwa kimoja. Padri hakubatiza mtu ambaye hakusimama mbele ya mwalimu wake, uso kwa uso, akajibu kwa kinywa chake mwenyewe na mwalimu akamtaja kwa jina kumdhamini. Mkwe hakuweza kusimama mbele ya mwalimu huyo, na kijijini hatukuwa na mwingine.

Padri alipokuja tulijaribu. Nilimweleza mwenyewe, kwa adabu zote, kwamba nitasimama katikati na kupokea majibu kama kawaida. Padri akasema desturi hiyo ni mzigo wa zamani, ampe Bwana mzigo huo aachane nao. Nikampelekea Mkwe maneno hayo. Akajibu kwamba kitabu kinasema wazazi waheshimiwe, yeye anaheshimiwa sana, sasa wanataka aheshimiwe kidogo ili iwe nini? Padri akacheka, lakini hakubadilika. Alikuwa mtu mwema mwenye shingo ngumu, na nyuma ya vilindo kulikuwa na shingo nyingine ya namna ile ile.

Kisha padri akatandika kitambaa cheupe juu ya kinu kilichopinduliwa ili atupe meza ya Bwana, na kwa utaratibu akaomba wasiobatizwa watoke nje. Walitoka vijana wawili watatu. Mwalimu akatazama chini. Mimi sikutaka kugeuka, lakini niligeuka. Mkwe alijifunika kaniki yake kichwani, akapita pembeni mwa ukuta hadi mlangoni, akatoka nje ya nyumba yake mwenyewe, akakaa zizini na ndama mpaka tulipomaliza.  Nilipomfuata baadaye hakuwa akilia. Alikuwa akimkuna ndama nyuma ya masikio.

"Siku nikifa," aliniambia, "mtanitoa nje pia?"

Nilimwambia asiseme hivyo. Akasema mimi nimebatizwa zamani, nina jina langu la ubatizo ambalo mtu huyo hulitia kinywani kila Jumapili bila kuona haya, kwa hiyo nisimfundishe la kusema. Ilikuwa mara ya pekee kumwona akinionea wivu, nami nilikuwa sijawahi kudhani nina kitu cha kuonewa wivu na mtu yeyote.

Basi wakaja wakapigana, Mdachi na Mwingereza, huko kwao kwanza, kisha na huku kwetu. Padri alichukuliwa na askari akapelekwa mbali, punda akabaki. Mvumi pakawa kimya. Ndipo nikaelewa kwa nini tulifundishwa kukutana majumbani, kwani kanisa kubwa liliweza kufungwa mlango, lakini hakuna aliyejua pa kufunga mahali tunapokutana sisi. Tuliendelea. Uwele ulipungua, ng'ombe wakachukuliwa kulisha majeshi, wanaume wakakamatwa kubeba mizigo, nasi tuliimba kwa sauti ya chini huku Mkwe akikohoa.

Kisha ikaja habari kwamba walimu wa misheni za Waingereza wanatafutwa, kwamba ati wanapeleka siri kwa adui. Mwalimu wetu, ambaye hata siri ya kununuliwa kitenge mkewe hakuweza kuitunza! Mkewe alimsihi akimbilie porini. Alisema hana kosa, hatakimbia.

Alikimbia siku walipokuja. Ilikuwa alasiri, mimi na mkewe tulikuwa chumba cha mbele tukibangua karanga, Mkwe yuko ndani kama siku zote. Mwalimu aliingia akihema, akasema jumbe anakuja na askari, wako kwenye zizi la Mzee. Nje kulikuwa kweupe, bonde tupu, hakuna hata kichaka cha kumficha kuku. Binti wa watu alisimama na karanga mkononi.

"Mwambie mtu huyo aingie huku," Mkwe akasema.

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa amesikia, na alikuwa akitikisa kichwa. Wallahi, uso wake ulisema heri minyororo.

"Mwambie," Mkwe akasema tena, "nimegeuka."

Nikamwambia amegeuka. Naye Mwalimu akageuka pia, akaelekeza mgongo kwenye ile nafasi nyembamba kati ya kilindo na ukuta, na akaingia kinyumenyume, taratibu, kama ng'ombe anayetolewa kwenye kibanda kidogo. Nilisikia ndama aliyefungwa mle ndani akilalamika kwamba amekanyagwa. 

Jumbe aliingia na askari wawili. Jumbe alikuwa mtu wetu, Mgogo wa hapo hapo, aliyevishwa koti la serikali ambalo lilimbana kwapani. Askari walikuwa watu wa mbali. Tulisalimiana, "Mbukwenyi," nikaendelea kubangua karanga, na sijui ni nani aliyekuwa akiiendesha mikono yangu. Walitazama juu ya dari, walipiga mitungi, walichungulia zizi. Kisha askari mkubwa akaonyesha kwa bunduki kule nyuma ya vilindo, akauliza kuna nini.

Jumbe alimtazama kama mtu aliyeuliza kama jua lina miguu. Akamweleza kwamba huko ni kwa mama mkwe wa mtu wanayemtafuta. Askari akasema ndiyo, basi atazame. Jumbe akasema Bwana hajaelewa. Mtu huyo hawezi kuwa huko. Simba akimfukuza, atakubali simba. Nyumba ikiungua, ataungua. Askari akauliza kama yuko tayari kuapa.

"Naapa kwa kichwa changu," jumbe akasema. "Tena ukiingia huko kumchungulia mama mzima, kijiji hiki hakitanipikia tena."

Wakati huo huo nyuma ya vilindo maji yakamwagika, na ndama akapiga chafya. Askari akainua bunduki. Nikasema, kwa sauti ile ile niliyochaguliwa kwa ajili yake, kwamba Bibi ananywesha ndama. Mkwe akakohoa. Jumbe akamshika askari kiwiko akamtoa nje, akimnong'oneza habari za aibu. Walichukua kuku wawili wakaenda zao upande wa Nzuguni.

Jumbe yule alielezwa ukweli baadaye, vita vilipohamia mbali na hapakuwa na hatari tena. Alikataa. Alisema tunamsingizia mama wa watu. Mpaka leo ukimwambia, atakuapia tena kwa kichwa kile kile.

Mwalimu alitoka kwa uso, yaani kwa njia yake ya kawaida ya kutembea, mkono wa kulia wa kanzu ukiwa umelowa hadi kiwikoni.  Ndama alitoka nyuma yake, kichwa kimelowa chapachapa. Mkwe hakutoka kabisa siku ile. Kesho yake alidai mbuzi wa kusafisha heshima iliyovunjwa, akapewa, akasema mambo yamekwisha, na Jumapili alikuwa mahali pake akikohoa.

Lakini ya maji yale hayakwisha. Mzee ndiye aliyeanza. Alisema kwa kanuni mwalimu asiye padri anaweza kubatiza mtu aliye katika hatari ya kufa, na yeye angependa kujua kama siku ile kule ndani kuna mtu aliyebatizwa. Mwalimu akamjibu kwamba mambo ya mama mkwe wake hayamo kinywani mwake. Nikatumwa kwa Mkwe. Akasema mtu huyo alikuwa na woga, akapiga kibuyu teke. Mzee akasema basi, kwa ushahidi wa macho, aliyebatizwa ni ndama. Kijiji kizima kikamwita ndama yule Mkristo, na alipokua akawa mwizi wa mashamba ya watu, Mzee alisema ndivyo wanavyokuwa wasiofundishwa vizuri.

Tulicheka wote, ila mimi nilikuwa nikimwangalia Mkwe kila sala inapofika mahali pa kuwaombea waliobatizwa na wasiobatizwa. Sikujua nimweke wapi. Padri hayupo, huenda asirudi tena, na Mkwe alikuwa amekonda kwa njaa ya vita, akimpa mjukuu wake fungu lake la ugali na kusema ameshiba ushauri.

Tena nilikuwa na kidonda changu mwenyewe. Tangu siku ile ya askari, Mwalimu hakunitaja tena jina. Kwanza nilidhani amesahau. Zamani kila Jumapili alisema, fulani, mwulize Mkwe, fulani, tuanzishie wimbo, na jina langu la ubatizo lilitoka kinywani mwake vizuri kuliko kinywani mwa mume wangu. Sasa nikawa wewe dada. Wewe dada, anzisha wimbo. Wewe dada pale, mwulize. Hata kwenye maombi, alipowataja wagonjwa wa nyumba zetu na mimi nimelala na homa, niliambiwa kwamba aliniombea kama yule dada wa kilindoni. Mtu niliyemshusha kutoka mgungani nikimshika mkono! Mtu niliyemdanganyia askari! Nikaona amepata kiburi, kwa kuwa sasa padri hayupo na yeye ndiye mkubwa. Nilikasirika kweli, na mimi nikikasirika nanyamaza, jambo ambalo mume wangu aliliita muujiza.

Nikaacha kwenda. Waliniambia sala zile zilikuwa za ajabu: Mwalimu anauliza, Mkwe anajua jibu, hakuna wa kulipitisha, watu wanakaa wakisikiliza nzi. Walimjaribu Mzee katikati, lakini yeye alibadilisha majibu.

Njaa ilipozidi, tukaamua kwenda kwetu Msalato, ambako kaka yangu alikuwa bado na akiba kidogo. Hatukujua kama tutarudi. Mdachi naye siku zile alikuwa anafunga virago, mizinga ilisikika upande wa kaskazini. Nikaenda kumuaga Mkwe, nikiwa nimejiandaa pia kumwambia ukweli kuhusu mkwewe. Nilimkuta uani kwenye jua, anapepeta uwele mchache kiasi kwamba niliona haya kuutazama. Nilimwamkia, akaitika, akanisogezea kigoda. Nikamwaga yote. Nikamwambia amtafute mdomo mwingine, kwani mtu huyo hata jina langu limemshinda, na mimi si mtu wa kuitwa kama mbuzi.

Alisikiliza huku akipepeta. Kisha ungo ukaanza kutikisika vibaya, nikadhani ni udhaifu, kumbe anacheka. Alicheka hadi akaja kukohoa, kikohozi cha kweli safari hii, nikampiga mgongo.

"Atakuitaje?" aliniambia alipopata pumzi. "Hawezi kulitaja. Ni jina la mama mkwe wake."

Sikuelewa. Akaniambia niketi, maana nilikuwa nimesimama bila kujua. Akanieleza kwamba kule nyuma ya vilindo, askari walipokuwa wakipiga mitungi, alimwambia yule kijana moja kwa moja, bila mdomo wa mtu, kwamba yeye anakufa. Alijisikia kufa, moyo ulikuwa umesimama. Kijana akasema kama ni kufa kweli, anaweza. Walikuwa wamepeana migongo, kwa hiyo kijana alichota maji kibuyuni akayarusha nyuma juu ya bega lake, na mara ya kwanza yakampata ndama. Mara ya pili yakampata yeye. Kijana akanong'ona amtaje kwa jina gani, kwani lile la kuzaliwa lilikuwa mwiko, na hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Naye Mkwe akamtajia la kwanza lililomjia.

"Kisha sikufa," alisema, na hapo akainamisha kichwa juu ya uwele. "Nimekaa nangoja kufa, sifi. Ningewaambia nini watu? Nimempa mtu wa Mungu maneno ya uongo. Padri akirudi atasema nirudishe."

Nikamwambia hakuna padri anayeweza kuyarudisha maji kibuyuni. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nalia, na mimi sipendi kulia mbele za watu. Miaka yote ile nilidhani mimi ni ukuta wa kupitishia maneno ya wengine. Nilimwuliza, kati ya majina yote matakatifu aliyosomewa, kwa nini achukue langu.

"Ndilo nililolisikia likiitwa vizuri," akasema.

Akaendelea kupepeta kidogo. Kisha akaniona bado nimemkodolea macho, akadhani labda nimechukia.

"Usihofu. Nimeazima tu. Nikifika kule nitawaambia ni la nani."

Hatukwenda Msalato juma lile. Nilimwambia mume wangu kwamba nina kazi. Jumapili nilikaa mahali pangu, mgongo kwenye kilindo cha kwanza, na Mwalimu alipofungua kinywa kuniita wewe dada, niliitika kabla hajamaliza.